Sauti ya Pili Iko Veranda

Ndoa yangu ilipoanza kubomoka, niliyeogopa kumpoteza hakuwa mume. Mume alikuwa ameshaenda kitambo, hata kama mashati yake yalikuwa bado yamening'inia kwenye kabati la nyumba yetu hapa Kitale. Niliyeogopa kumpoteza ni baba yake. Nikisema hivyo watu hunitazama vibaya, hasa akina mama wenzangu wa kanisani, kwa hiyo nimejifunza kuongeza upesi kwamba nilikuwa napiga naye klarineti. Hapo ndipo hunitazama vibaya zaidi.

Acha nieleze. Mimi ni mwalimu wa muziki katika shule ya upili ya wasichana. Chuoni nilisomea kuimba, na ala niliyofanyia mtihani ilikuwa ile filimbi ya plastiki ambayo imeumiza masikio ya wazazi wengi nchini. Klarineti nilikuwa nimeiona kwa mbali tu, kwenye gwaride, ikiwa mikononi mwa askari aliyevimbisha shingo. Sikujua kwamba nilikuwa naelekea kuolewa katika nyumba ya mmoja wa askari hao.

Baba mkwe alipiga klarineti kwenye bendi ya askari mpaka akastaafu, akarudi kwao nje kidogo ya mji wa Bungoma, ukielekea Chwele. Alilima mahindi, akafuga ng'ombe wachache, akawa mzee wa kanisa. Maisha yake yote ya kazi alipiga sauti ya pili. Hakuwahi kupandishwa akae kiti cha kwanza, na sidhani alikitaka. Alikuwa na klarineti mbili zake mwenyewe, moja ya mbao na moja ya plastiki, na hakuwa na mtu wa kupiga naye. Kipande cha watu wawili ukikipiga peke yako sauti ya pili ni upuuzi mtupu. Ni kama kusikiliza mtu akiongea na simu usijue mwenzake anasema nini.

Krismasi ya kwanza baada ya harusi nilikuwa jikoni kwao, naosha sufuria huku nikivumisha wimbo puani. Mama mkwe akaingia na kitu kilichoviringishwa kwenye taulo, akakiweka juu ya meza.

“Mzee anasema hii ni yako,” akasema. “Anasema usiishike na mikono ya mafuta.”

Ilikuwa ile ya mbao. Nilikausha mikono nikatoka mbio nimshukuru, na mama akanishika kanga kabla sijavuka mlango. Nilikuwa nimesahau. Kwao, mzee na mke wa mwanawe hawakaribiani. Hawapeani mikono, hawaketi chumba kimoja, hawatazamani usoni. Ukimkuta njiani unampisha, unaangalia chini. Familia nyingi siku hizi zimelegeza, watu wanapeana zawadi mbele ya wazee na mambo yanaisha. Kwetu upande wa Saboti tuna mambo yetu pia, lakini si makali hivyo. Mzee huyu hakutaka kulegeza hata kidogo. Alisoma Biblia kila asubuhi na hakuona shida yoyote kati ya hayo mawili. Mimi niliona ni ushamba, na nilimwambia mume wangu hivyo, naye akacheka akasema nisijaribu kumbadilisha baba yake.

Basi tukaanza hivi. Mzee aliketi veranda, chini ya dirisha, amelipa kisogo. Mimi niliketi sebuleni, upande wa pili wa dirisha hilo hilo, nami nimelipa kisogo. Pazia lilivutwa. Mama mkwe aliketi mlangoni kwenye kigoda, mahali ambapo angeweza kutuona wote wawili, na ungo wa maharagwe mapajani. Mzee hakusema nami hata siku moja. Alisema na mkewe, na mkewe akasema nami, ingawa nilisikia kila neno.

“Mwambie mkwe wangu asiume hiyo klarineti, si muwa.”

“Anasema usiume.”

“Nimesikia, mama.”

Miezi ya mwanzo nilitoa mlio wa bata. Ng'ombe waliinua vichwa. Kwenye mdomo wa klarineti kuna kipande chembamba cha mwanzi, wenyewe hukiita ridi, na hicho ndicho kinachotetemeka ukipuliza. Kikikauka au kikipasuka hata kidogo kinakuaibisha. Nilipasua ridi nyingi kwa hasira. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, sikatai, na kufundishwa na mtu nisiyemwona kupitia mtu asiyejua noti moja kulinitoa jasho. Lakini nilirudi. Kila likizo, na wikendi nyingine zisizo na shughuli, nilishuka Bungoma kupitia Misikhu na klarineti ikiwa kwenye taulo lile lile, na nilijiambia nawapelekea wazee sukari.

Mzee alikuwa na utaratibu wake. Kwanza hatukupiga wimbo wowote. Tulishika noti moja ndefu, sote wawili, mpaka zile sauti mbili ziache kugombana hewani. Kuna mtetemo fulani unausikia sauti mbili zikikaribiana bila kukutana, unaupunguza polepole, unaupunguza, halafu unapotea, na mtu hawezi tena kusema yupi ni nani. Klarineti yangu ilitoka kwenye baridi ya Kitale ikiwa chini kidogo, na ilihitaji kupashwa moto. “Mwambie aipulizie tu, asipige,” alikuwa akisema, na mimi nikawa nakaa pale napulizia mbao hewa ya moto bila sauti, nikijiona mjinga.

Kisha vikaja vipande vya kufuatana, ambapo wa kwanza anaimba mstari na wa pili anaanza mstari ule ule nyuma yake. Hivyo vilinifundisha kutomkimbia mtu. Kisha nyimbo za kanisani, mimi juu yeye chini. Kisha vipande ambavyo katikati yake wimbo unahama, unaenda kwa sauti ya pili, na wa kwanza anabaki na tumu-tumu za chini. Hapo nilikasirika kwelikweli. Nilikuwa nimezoea kusikika. Nilipiga tumu-tumu zangu kwa nguvu mpaka wimbo wake ukazama.

“Mwambie hiyo sasa ni zamu yangu,” mzee akasema.

“Anasema ni zamu yake.”

“Mwambie basi apige kwa nguvu, si yuko nje?”

Mama akageuka dirishani, akanigeukia tena, akaweka ungo chini. “Nyinyi mtanimariza, bana. Mimi nachambua maharagwe.”

Karatasi zake zilikuwa za sauti ya pili tu, alizonakili kwa mkono enzi za bendi. Sauti za kwanza alikuwa nazo masikioni, kwa kuwa alikaa kando ya mpigaji wa kiti cha kwanza miaka yote hiyo. Alinipigia kwa vipande vipande, nami nikaandika upande wangu. Ndiyo maana hata leo sijui kama nilichoandika ndicho kilichotungwa, au ndicho mzee alichokumbuka, au ndicho nilichosikia kupitia pazia. Sijali.

Kulikuwa na kimoja kilichokuwa kigumu kuliko vyote, ambacho jina lake lilikuwa limechanika na ile kona ya karatasi. Tulikiita kile cha vimya. Kilikuwa wimbo mwepesi, hata mtoto angeuweza, ila kila baada ya muda sauti zote mbili zinakatika ghafla, panakuwa kimya, kisha zinaingia tena pamoja. Hakuna ngoma ya kukuhesabia. Na urefu wa kimya chenyewe haukuandikwa. Wapigaji wanapaswa kuamua, kila mara, pamoja.

Watu wengine wanaamua kwa macho. Mmoja anainua klarineti kidogo, mwenzake anaona, wanaingia. Sisi hatukuwa na macho. Kwa muda mrefu kila kimya kiliishia kwa vurugu, mmoja yuko ndani mwingine bado nje. Kisha siku moja nikagundua kwamba namsikia mzee akivuta pumzi puani. Alikuwa akivuta pumzi kwa kasi ile ile ya wimbo. Pumzi fupi kama wimbo ni wa haraka, pumzi ndefu kama ni wa taratibu, na hata ukubwa wa sauti ungeweza kuusikia kabla haujatoka. Nikaacha kuhesabu. Nikavuta naye. Tukaingia pamoja baada ya kila kimya mpaka mwisho.

“Mwambie,” mzee akaanza, halafu akanyamaza.

“Hajasema,” mama akaniambia.

Nilifurahi siku hiyo kuliko siku ya harusi. Nasema tu ukweli.

Nililipeleka jambo hilo shuleni moja kwa moja. Nilikuwa na wasichana wawili, mmoja kidato cha pili na mwingine cha tatu, na klarineti mbili za plastiki alizotuletea mzazi. Niliwafundisha kama nilivyofundishwa. Noti ndefu, vya kufuatana, vya kuhama, kile cha vimya. Na niliwaketisha wakiwa wamepeana migongo.

“Mwalimu, si tuangaliane tu?” yule mdogo aliniuliza.

“Hapana. Geuka. Msikilize anavyopumua.”

“Ana homa, mwalimu. Anapumua vibaya.”

“Msikilize hivyo hivyo.”

Wakashika. Walikuwa wakiingia pamoja mpaka walimu wengine walikuja kuchungulia dirishani. Tukaenda tamasha la muziki nikiwa na uhakika wa ushindi, na wasichana wakapanda jukwaani, wakapeana migongo, wakapiga. Hakuna kimya hata kimoja kilichovunjika. Mwamuzi, bwana mmoja mwenye miwani ya kuning'inia, alisimama akauliza kwenye kipaza sauti: “Hawa wasichana wamekosana?”

Ukumbi mzima ulicheka. Aliendelea kusema kwamba wanaanza pamoja vizuri kuliko wote aliowasikia asubuhi ile, lakini watu wawili wanaopiga pamoja lazima waonane, na aliyewafundisha hivi angetueleza ana maana gani. Hatukushinda. Wasichana walilia wakiwa wamejificha nyuma ya jengo, na yule mkubwa akaniuliza bila adabu, akiwa na haki kabisa, “Mwalimu, kwani wewe ulifunzwa aje?”

Nilishuka Bungoma wikendi iliyofuata nikiwa bado natokota. Sikuitoa hata klarineti kwenye taulo. Niliketi mahali pangu, nikamsimulia mama kwa sauti kubwa ili veranda isikie: mwamuzi yule, miwani yake, kicheko cha ukumbi. Nilitaka mzee aseme mwamuzi ni mjinga. Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kukubaliana naye.

Kisha akasema, “Mwambie mkwe wangu huyo mwamuzi alisema kweli.”

Mama hakurudia. Aliona nimesikia.

“Mwambie watu wawili huonana. Mimi kwenye bendi nilimwona mwenzangu kila siku, nilijua mpaka nyusi zake. Sisi hapa hatuonani kwa sababu yeye ni mkwe. Hiyo ni yetu. Asiwafunze watoto wa watu mambo ya nyumba yetu.”

Niliumia. Nilikuwa nimelichukulia lile dirisha kama namna ya kufundisha muziki. Mzee alilijua ni nini tangu mwanzo. Lilikuwa ndiyo njia yake ya kuniambia kila Jumamosi niliyofika kwamba mimi ni wa pale.

Niliporudi shuleni niliwageuza wasichana wakatazamana, na kwa wiki nzima hawakuweza kitu ila kucheka. Baadaye walizoea. Wanapiga vizuri, wanainua nyusi, wanaonana. Mimi huondoka chumbani wakifika kile cha vimya.

Mume wangu alikuwa akifanya kazi Eldoret. Si mbali, mtu anaweza kurudi kila wikendi akitaka. Alianza kurudi mara moja kwa mwezi, kisha akawa anarudi kuchukua shati. Hatukuwa na mtoto. Tulikuwa tumeenda hospitali, tukaombewa, tukapewa ushauri na kila mwenye mdomo, na katikati ya yote hayo aliacha kunitazama, na yeye hakuwa na mila ya kumzuia. Jioni moja alinipigia simu akasema kuna mtu kule, na ana mimba, na kwamba hataki nigombane naye. Nilikuwa napiga pasi. Nilizima pasi kwanza, nikakaa kitandani, na wazo la kwanza kunijia, kabla ya aibu na kabla ya machozi, lilikuwa kwamba sasa mzee atapiga na nani.

Nilijiona mwendawazimu. Mwanamke anaachwa, anawaza sauti ya pili. Lakini nilipolala nililiwaza tena, na nikaona si upuuzi. Mume angeweza kupatikana mwingine, au asipatikane, maisha yangeenda. Ule mlango wa Bungoma niliupita kwa tiketi moja tu, ya kuwa mke wa mwanawe. Sikuwa na mtoto ambaye ningeweza kusema nampeleka kwa babu yake. Bila ndoa ningekuwa mwanamke mgeni anayemfuata mzee wa watu na klarineti.

Nilienda mara moja kabla ya mambo kuwa rasmi. Walikuwa wameshasikia. Mama alinipikia kuku, jambo ambalo halikuwa la kawaida Jumamosi, na hakunitazama nilipokuwa nakula. Mzee alikuwa mahali pake. Tulipiga nyimbo za kanisani tu. Alipiga taratibu mno, kama mtu anayemsindikiza mgeni na hataki kufika barabarani. Nilitaka aseme kitu, hata kupitia mama, hata kunitukana. Nilimkasirikia. Nilipokuwa nakunja taulo nikamsikia akimwambia mama, “Mwambie barabara ya Misikhu ina matope, aende mapema.”

Kikao kilifanywa nyumbani kwao. Amu zangu walitoka Saboti, ndugu za mume walikuja, mume mwenyewe alikuja na viatu vipya. Yaliongelewa ya ng'ombe na ya nguo na ya kabati, sitaki kuyarudia. Mimi nilikuwa jikoni na mama, kwa kuwa mwanamke anayeongelewa haketi pale. Ukuta wa jikoni ni mwembamba. Nilimsikia mzee akisema mara moja tu, mwishoni, walipomtaka kama baba aseme neno la kufunga. Alisema hajapata kosa kwangu. Alisema mwanawe ameamua, na yeye hawezi kumlazimisha mtu mzima kukaa na mkewe. Kabla ya kusema alivuta pumzi, ndefu, na mimi kule jikoni nikajikuta nimevuta naye. Mama aliona. Alinigeuzia uso akachochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu.

Wakakubaliana kwamba mimi si wa kwao tena. Amu mkubwa aliniambia kwa upole, njiani, kama mtu anayemwambia mgonjwa majibu ya vipimo.

Nilikaa na ile klarineti ya mbao wiki nyingi bila kuigusa. Aliyepewa ni mke wa mwana, na mke wa mwana hakuwepo tena. Hakuna aliyeniambia niirudishe, na hilo lilinisumbua zaidi, maana ningeweza kukaa nayo tu na kila nikiitazama ningejua si yangu. Likizo ya Agosti nikaamua kuirudisha. Mahindi ya Kitale yalikuwa bado mabichi shambani. Ya Bungoma yalikuwa yameshaanikwa uani. Nilipiga simu kwa mama kwanza, kama mgeni anavyofanya. Akasema njoo.

Nilipofika, mama hakuwa na ungo. Alikuwa amevaa gauni la kanisani. Alinikumbatia kwa nguvu, akanipeleka sebuleni, na mle ndani niliona viti viwili katikati ya chumba. Vilikuwa vimetazamana. Kati yavyo kulikuwa na stendi ya kuwekea karatasi, na karatasi ziko juu yake, zile za vimya. Mzee alikuwa amesimama karibu na kimoja, klarineti ya plastiki mkononi.

Nilitazama chini, mwili ulijua wenyewe.

“Karibu, binti yangu,” akasema.

Aliniambia mimi. Hakumwambia mama. Miaka yote ile nilikuwa nimeijua sauti yake ikipita kando yangu, na sasa ilikuwa imenijia moja kwa moja, na ilinitisha. Nikainua macho. Alikuwa mfupi kuliko nilivyofikiri. Mdomo wake wa chini ulikuwa na alama, kibonde kidogo kilichochimbwa na klarineti. Alikuwa ananyoosha mkono.

“Sasa hakuna shida,” akasema. “Tunaweza kuonana. Keti tupige kama watu.”

Alikuwa amefikiria sana jambo hilo, ilionekana. Lilikuwa zawadi. Alikuwa ameona kwamba katika yote yaliyoharibika limebaki jema moja, kwamba mwalimu wa watu anaweza hatimaye kupiga kipande cha watu wawili inavyotakiwa. Niliushika ule mkono. Ulikuwa mkavu, wa moto. Kikao hakikuniumiza kama ule mkono. Mpaka pale nilikuwa nimeambiwa kwamba nimeachika. Pale ndipo nilipoachika.

Tuliketi. Magoti yetu yalikaribiana, nikayarudisha yangu nyuma. Aliinua klarineti, akainua nyusi kama mwamuzi alivyotaka, nami nikaona, tukaingia vibaya. Tukaanza tena. Kimya cha kwanza kilipofika nilimtazama, akanitazama, akatabasamu kwa adabu kama unavyomtabasamia mgeni mezani, na kila mmoja akamngoja mwenzake. Hakuna aliyeingia. Tukajaribu tena. Nilikuwa naona kila kitu, kola yake, miwani mfukoni, na sikusikia pumzi yake hata kidogo.

“Labda ni uzee,” akaniambia.

“Hapana, baba,” nikasema. Lilikuwa neno langu la kwanza kwake.

Nilisimama. Sikuwa nimepanga lolote. Hasira ilinisimamisha, na mara hii sikujua namkasirikia nani. Nilitazama chini, nikamngoja. Alipoona nimesimama naye akasimama, hakuelewa. Nikakibeba kiti chake, nikapita kando yake bila kumgusa, nikampita mama aliyekuwa mlangoni, nikakiweka veranda chini ya dirisha, mahali palipokuwa bado na alama za miguu yake kwenye saruji. Nikarudi. Nikavuta pazia. Nikakigeuza kiti changu, nikaketi, nikalipa dirisha kisogo.

Mzee alikuwa bado amesimama nyuma yangu, katikati ya sebule. Nilisikia saa ya ukutani, na kuku wakihangaika na mahindi yaliyoanikwa. Angeweza kuniambia, binti, hayo yamekwisha. Angekuwa na haki, kikao kilikaa na watu wazima wakakubaliana. Nilikuwa nimefumba macho na nilikuwa naomba, si kwa maneno.

Viatu vyake vikaanza kutembea. Vilipita mlangoni. Kiti cha veranda kililia kikipokea uzito wake. Nikasikia kigoda kikiburutwa, na mama akaketi.

Kisha pumzi, puani, ndefu na ya taratibu.

Tuliingia pamoja. Tulivuka kimya cha kwanza na cha pili bila kutikisika, na nilikuwa nalia, jambo ambalo mpiga klarineti hapaswi kulifanya kwa sababu koo linafunga na ridi inalowa. Katika kimya cha mwisho pumzi yake ilichelewa, ikachelewa mno, na mimi sikuweza kungoja. Niliingia peke yangu. Alinifuata, akanikuta, tukamaliza.

“Mwambie alikimbia pale mwisho,” ikasema sauti kutoka veranda.

Mama alijaribu mara mbili kabla ya kuweza. “Anasema urikimbia.”

“Mwambie yeye ndiye alichelewa,” nikasema.

Mama hakuwahi kulipeleka. Mzee alikuwa ameshakohoa kule nje, anasafisha koo.

“Mwambie mkwe wangu,” akasema, “sauti ya pili haichelewi.”